Vyumba Vitano Vinatosha: Nyumba ya Kwanza ya Kupangisha Kasese na Bwera



Ndugu wasomaji, akina baba na akina mama, familia nyingi za Kasese na Bwera, pamoja na vijana wetu walioko Kampala na nchi za Ghuba wanaotuma pesa nyumbani, wanatuuliza swali moja. Wanasema: alhamdulillah, tumeweka akiba kidogo, tunataka nyumba ya kupangisha iwe msingi wa riziki ya watoto. Tununue wapi, na tununue ya namna gani? Rai yetu, na tunajua haitawapendeza wote, ni hii: nunueni ndogo, vyumba vinne au vitano chini ya paa moja, kaeni humo humo nyinyi wenyewe kwa miaka ya mwanzo, wala msikope kwa riba hata shilingi moja. Na kabla ya yote hayo, tazameni maji na tazameni karatasi.

Nyumba za aina hii kila mtu anazijua. Wengi huku huita chumba chake muzigo, kwa Kiganda: chumba kimoja, au chumba na sebule, mlango unatazama uani, choo na bomba ni vya pamoja. Mswahili wa pwani akisikia "mzigo" atacheka, maana kwake huo ni wa kubeba kichwani. Na kweli, ukinunua vibaya utaubeba.

Kwa nini ndogo? Kwa sababu tumezoea kinyume chake. Mtu akipata pesa ananunua kiwanja na kuanza jumba la vyumba vitatu vya kulala na veranda ya nguzo. Linafika kwenye linta, pesa zinakwisha, na nyasi zinaota sebuleni huku yeye na watoto wanaendelea kulipa pango mjini. Vyumba vitano vya kawaida huanza kulipa mwezi uleule mpangaji anapoingia.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme vyumba ni vitano, kila kimoja pango lake ni shilingi 80,000 kwa mwezi. Familia inachukua viwili, wapangaji wanachukua vitatu. Pango la vile vitatu kwa mwaka ni shilingi 2,880,000, na juu yake ninyi hamlipi tena pango kwa mtu mwingine. Sasa tazameni kodi ya serikali. Tangu Julai 2022, mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya pango la mwaka linalozidi shilingi 2,820,000, bila kupunguziwa gharama za matengenezo. Kwa mfano wetu kinachozidi ni 60,000 tu, na kodi yake ni shilingi 7,200 kwa mwaka mzima. Chumba kimoja kikikaa kitupu mwezi mmoja, hakuna kodi kabisa. Mwenye vyumba ishirini hapati nafuu hii, na hatuna haja ya kumwonea wivu.

Faida nyingine ya kukaa humo haiandikiki kwenye hesabu. Bomba likivuja unaliona siku hiyohiyo. Mpangaji akiingiza watu wasioeleweka unajua. Wenye nyumba wanaoishi mbali hupata habari za nyumba zao kwa simu, na simu haisemi kila kitu.

Hapa akina baba wengi hutupinga, tena kwa hoja nzuri. Wanasema: mke wangu na binti zangu watakaaje uani pamoja na wapangaji, wakienda choo kimoja na wanaume wasiokuwa maharimu? Hoja hii hatuidharau. Sitara ya familia si jambo la kuuzwa kwa shilingi 80,000. Lakini jibu lake limo kwenye ramani ya nyumba. Chukueni vyumba viwili vya mwisho, mlango wenu utazame upande mwingine, jengeni ukuta mfupi na choo chenu peke yenu. Kiwanja chenye njia mbili, mbele na nyuma, kina thamani zaidi kwa familia ya Kiislamu kuliko kiwanja kikubwa chenye njia moja. Na kama nyumba mnayoonyeshwa haiwezi kugawanywa hivyo, iacheni, tafuteni nyingine. Tunaongeza kwamba akina mama waulizwe mapema, kabla ya kumlipa mwenye nyumba, kwa sababu ndio watakaoshinda hapo mchana kutwa.

Basi ni Kasese au Bwera? Watu hubishana kana kwamba ni mashabiki wa mpira.

Kasese mjini wapangaji wake ni walimu, wauguzi, maaserikali wa halmashauri, madereva na wafanyabiashara wadogo. Pango linakuja polepole lakini linakuja. Mji huu una somo lake ambalo wazee wanalikumbuka. Reli ilifika hapa mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mji ukakua juu ya mgodi huo. Mwaka 1982 uchimbaji wa shaba ulisimama. Baadaye kiwanda cha kobalti kilichoishi kwa mabaki ya mgodi nacho kikafungwa katika miaka ya 2010, na treni haiji tena. Kila mara aliyekuwa na wapangaji wa mwajiri mmoja ndiye aliyebaki na vyumba vitupu. Mgodi ukizungumziwa tena kufunguliwa, msikimbilie kununua karibu na lango lake. Tafuteni mahali ambapo mpangaji mmoja ni mwalimu, wa pili ana duka, wa tatu anafanya kazi hospitali.

Bwera ni habari nyingine. Mto Lhubiriha ndio mpaka, na upande wa pili ni Kasindi. Kahawa, kakao, mbao na mawese huvuka kuja huku, bidhaa za dukani huvuka kwenda kule, na anayevuka hutafuta pa kulala na pa kuweka mali yake. Chumba kizuri karibu na soko la Mpondwe hakikai bila mtu. Congo ilipokubaliwa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Machi 2022, na kabla ya hapo, Juni 2021, marais wawili walipokutana Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara za upande wa Congo, matumaini yalipanda, na wauzaji wa viwanja nao wakawa na la kusema.

Lakini mpaka ukikohoa, Bwera yote inaugua. Juni 2019 Ebola ilivuka na kuingia wilaya yetu, na watu wakawa wanapimwa joto kabla ya kupita. Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa abiria kwa sababu ya korona, na malori ya mizigo tu yakapita. Na sote tunaukumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2023, watoto wa shule ya sekondari ya Lhubiriha walipouawa. Mwenyezi Mungu awape wazazi wao subira. Kwa nyumba ya kwanza, ambayo familia haina nyingine ya kuegemea, sisi tunapendelea Kasese mjini. Aliyezaliwa Bwera, anayeijua mitaa yake na ana biashara nyingine ya kumlisha miezi sita bila pango, huyo anunue Bwera na apate faida yake bila wasiwasi. Anayenunua Bwera kwa sababu tu ameambiwa pango ni kubwa, tunamwomba asubiri.

Sasa maji. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulivunja kingo zake na kushuka na mawe na magogo, ukabeba nyumba na kuingia hospitali ya Kilembe. Mei 2014 ukarudi. Mei 2020 ukarudi tena, na mara hiyo Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha nayo ilifurika. Hospitali ikavamiwa na maji kwa mara nyingine. Watu waliokuwa na nyumba za kupangisha kandokando ya mto walipoteza jengo na kiwanja pamoja, kwa sababu mto ulipohama ulipita juu ya mipaka yao. Moto ungekuachia ardhi. Mto haukuachii hata hiyo.

Hata hivyo viwanja vya karibu na mto bado vinauzwa, na kwa bei ya chini, hasa miezi ya kiangazi kama Januari na Julai mto ukiwa mpole na watoto wanaoga. Msiangalie kiwanja kiangazi. Nendeni Aprili au Mei, au Oktoba na Novemba, mvua ikiwa imetoka kunyesha milimani. Waulizeni majirani, si dalali, maji ya 2013 na ya 2020 yalifika wapi. Tazameni kuta za nyumba za jirani. Mstari wa tope haudanganyi. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinakataza kujenga ndani ya mita 100 za kingo za mito mikubwa iliyoorodheshwa, na mita 30 kwa mito mingine, kwa hiyo anayewauzia nyumba iliyo hatua ishirini kutoka mtoni anawauzia hasara na kesi kwa pamoja.

Na muuzaji Muislamu anayejua kwamba maji huingia chumbani, akapaka rangi na kunyamaza, ajue kuwa huo ni ghushi. Fiqhi inampa mnunuzi hiari ya kurudisha mali yenye aibu iliyofichwa. Tunalisema kwa uwazi kwa sababu wauzaji wengine ni watu wa safu ya mbele msikitini.

Mkipata nyumba iliyo mbali na maji, itazameni yenyewe. Nchi yetu ya Rwenzori inatikisika; wazee wanakumbuka tetemeko la 1966 lililoangusha nyumba nyingi Toro, na wengine wetu tunakumbuka la 1994. Ulizeni kama kuna mkanda wa zege kwenye linta au ni matofali matupu yaliyofichwa na plasta. Bati bila dari kwa joto la Kasese hufukuza wapangaji kila Februari. Umeme: kila chumba kina mita yake ya Yaka, au wote wako kwenye mita moja? Mita moja kwa familia tano ni ugomvi wa kila Jumapili. Halafu choo. Wengi huuliza choo kiko wapi, wachache huuliza kikijaa shimo la pili litachimbwa wapi. Tumeona kiwanja kilichojengwa mpaka ukutani, choo kimejaa, na pa kuchimba hakuna. Wapangaji wote walihama ndani ya miezi miwili.

Karatasi. Ardhi nyingi ya wilaya hii ni ya kimila, ya ukoo. Sheria ya Ardhi ya 1998 inaitambua, na mwenye nayo anaweza kupata cheti cha umiliki wa kimila. Tatizo ni pale ndugu mmoja anapouza na wengine hawajui. Atakuambia, "Hajji, usiwe na wasiwasi, ndugu zangu wote wanajua." Vizuri, waje waseme. Muhuri wa mwenyekiti wa LC1 ni ushahidi kwamba mliuziana mbele yake. Hauthibitishi kwamba aliyeuza ndiye mwenye mali. Waiteni wazee wa ukoo, majirani wa pande zote nne, mpimaji apime, na wote watie saini siku moja. Kama ardhi ina hati, mtu aende ofisi ya ardhi akaikague kabla ya malipo yoyote, hata ya kishika uchumba.

Na mke wa muuzaji. Ardhi ambayo familia inaishi na kujipatia riziki haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mume na mke wote wawili. Ndivyo sheria inavyosema. Kama mwenye nyumba anaishi na mkewe katika chumba kimojawapo, saini ya mke huyo ni ya lazima. Akiwa na wake wawili, ulizeni wote. Wanunuzi wengine huona haya kuuliza habari za mke wa mtu. Haya hiyo imewafikisha mahakamani.

Bwera kuna jambo la ziada. Bakonzo wa huku na Banande wa kule ni ndugu, wanaoana, wanachangia biashara, na mto hauwatenganishi sana. Lakini sheria ya Uganda inatenganisha: asiye raia hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja, anaweza kukodishwa kwa muda usiozidi miaka 99. Shemeji wa Beni akitoa nusu ya pesa na nyumba ikaandikwa jina la binamu wa Mpondwe kwa kuaminiana, siku binamu akifariki watoto wake watafungua sanduku na kukuta jina la baba yao peke yake. Mtalala mmedhulumu mtu bila kukusudia. Suratul Baqara ina aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282, nayo inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Andikeni nani ametoa kiasi gani, na mwanasheria awaeleze ukodishaji unavyofanyika.

Tukifika kwenye pesa, vijana hutuambia: bila mkopo hatutanunua kamwe. Tuweke haramu pembeni kidogo, tutazame hesabu yenyewe. Tuseme mtu amekopa shilingi milioni 25 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka, kiwango ambacho si kigeni kwa wakopaji wa Uganda. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake inakaribia milioni 5. Vyumba vyake vitano, vyote vikiwa na wapangaji mwaka mzima bila kukosa hata mwezi, vinaingiza 4,800,000. Hajagusa deni lenyewe, hajalipa kodi, hajabadilisha hata kitasa. Huyu ananunua nyumba kwa niaba ya benki.

Siku hizi upo mlango mwingine. Sheria ya fedha ilibadilishwa mwaka 2016 kuruhusu benki za Kiislamu, na Septemba 2023 Benki Kuu ya Uganda ikaipa leseni Salaam Bank, ya kwanza ya aina hiyo nchini. Nendeni mkaulize kuhusu ushirika unaopungua, yaani musharaka ambapo benki na familia wananunua pamoja, kisha familia inanunua sehemu ya benki kidogo kidogo. Someni mkataba wote. Jina la Kiarabu kwenye karatasi halitoshi. Ulizeni nani anabeba hasara nyumba ikiharibika kabla hamjamaliza kununua. Mshirika wa kweli hubeba hasara kwa kadiri ya sehemu yake.

Njia tunayoipenda zaidi ni ya ndugu wawili au watatu wenye akiba zao. Mmoja ana nusu, mwingine robo na robo. Anayeishi ndani anawalipa wenzake pango la sehemu zao, hata kama ni dada yake mwenyewe. Sehemu zinaandikwa tangu siku ya kwanza, na kila mmoja anampa mkewe au mumewe nakala. Mirathi ya nyumba ambayo sehemu zake hazikuandikwa ndiyo inayotenganisha ndugu wa tumbo moja, na mara nyingi anayeumia ni mjane, kwa sababu anaambiwa mumewe "alisaidia tu".

Juu ya wapangaji tutasema machache. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inakataza kupandisha pango kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mpangaji hatolewi kwa nguvu bila amri ya mahakama. Ile tabia ya kufunga mlango wa mtu kwa kufuli lako akiwa kazini, watoto wakakuta wamefungiwa nje, ni kosa, tena mbele ya watoto wako mnaoishi nao uani. Afadhali mkataba wa ukurasa mmoja tangu mwanzo, na risiti kila mwezi.

Mwisho, waliotuuliza kuhusu zaka. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilikutana Jeddah Desemba 1985 na kuamua kwamba nyumba ya kupangisha haitolewi zaka juu ya thamani yake. Zaka ni asilimia 2.5 ya mapato yake, yakitimiza mwaka tangu yalipopokewa na kufika nisabu. Kwa hiyo pango lililokwenda kwenye ada ya shule na chakula kabla ya mwaka kutimia halina zaka. Lililobaki benki au kwenye simu, lihesabiwe pamoja na akiba nyingine. Lakini aliyenunua nyumba kwa nia ya kuiuza bei ikipanda, huyo ana bidhaa ya biashara, na hesabu yake ni juu ya thamani ya nyumba nzima kila mwaka. Andikeni nia yenu siku ya kununua, pamoja na tarehe yake ya Kiislamu, na karatasi hiyo ikae na ile ya mauziano.